Kiongozi na Hesabu Yake: Wajibu wa Mwananchi wa Kawaida

(Mada iliyotolewa na Padre katika semina ya viongozi wa walei, Bariadi)



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, nanyi vijana wetu. Tume ya Haki na Amani imenipa kazi ya kusema nanyi juu ya uwajibikaji na uwazi wa viongozi wa siasa. Nilipoipokea mada hii nilijiuliza niitazame kwa macho ya nani. Wanasheria wameandika mengi, nao wanasiasa husema kila siku. Nimeona heri niitazame kwa macho ya mtu wa kawaida: mkulima wa pamba wa Itilima, mama muuza mchele wa sokoni Bariadi, mfugaji wa Meatu. Mtu huyu hana cheo chochote. Hata hivyo Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 8, yamtambua kuwa yeye na wenzake ndio chimbuko la mamlaka yote ya serikali, na kwamba serikali itawajibika kwao. Basi mwenye mali ni yeye, na viongozi ni mawakili wake.

1. Samweli asimama mbele ya watu

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 12, twamwona mzee Samweli akiwa amekwisha kuzeeka, na taifa limekwisha kupata mfalme. Hakuna aliyemshitaki. Hata hivyo anawakusanya watu wote na kuwauliza hadharani: Je, nimemnyang'anya nani ng'ombe wake? Nimemnyang'anya nani punda wake? Nimemwonea nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani ili nifumbe macho yangu? Anaahidi kwamba kama yupo mmoja, atamrudishia. Watu wanajibu kwamba hakuna, naye anamwita Mungu kuwa shahidi.

Sisi watu wa ng'ombe twaielewa lugha hii kuliko wengi. Yafaa tuzingatie mambo matatu. Kwanza, Samweli hakungoja kuulizwa. Pili, aliuliza mbele ya watu wote, si chumbani pamoja na wazee wachache. Tatu, alitaja mali kwa jina lake, ng'ombe na punda, wala hakujificha nyuma ya maneno ya jumla. Huo ndio uwazi. Na alipojifunga kurudisha kama angekutwa na kosa, huo ndio uwajibikaji. Mambo haya mawili hayatengani. Kiongozi anayeonyesha vitabu vyake lakini hakubali matokeo yake anatufanyia maonyesho tu. Kiongozi anayedai kuwa anawajibika huku vitabu vyake vimefungwa anatutaka tumwamini kama tunavyomwamini Mungu, na hilo si halali yake.

Tusisahau pia kwamba sura ya 8 ya kitabu hicho hicho yasema wana wa Samweli walipokea rushwa. Hata nyumba ya mwadilifu yaweza kuingiliwa. Kwa hiyo kudai hesabu si kumtukana mtu mwema. Mtu mwema ndiye wa kwanza kuihitaji.

2. Mambo yaliyotokea katika nchi yetu hii

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mmoja ni wa mwaka 1976. Wakati huo Bariadi na Maswa zilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga; mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Watu, hasa wazee, walikuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Serikali ilituma polisi na watu wa usalama kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia ilikuwa kulinda uhai. Lakini wengi walikamatwa na kuteswa, na wengine wakafa mikononi mwa wale waliopaswa kuwalinda. Mambo yalipofahamika, Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwanzoni mwa 1977. Yeye mwenyewe hakumpiga mtu. Lakini wizara ilikuwa yake, na waliotenda walikuwa chini yake, akaona kwamba dhamana ni yake. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa.

Je, Mzee Mwinyi aliangamia kwa kuwajibika? Hasha. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki Februari 2024, wengi waliomsifu walikumbusha kujiuzulu kule. Wale waliokufa mahabusu hawakurudi, na jambo hilo tusilisahau. Lakini wananchi walipata angalau kuona kwamba maisha ya mkulima wa Usukumani yana uzito wa kuangusha cheo cha waziri.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na ni mgumu kuusema hapa, kwa sababu unagusa nyumba yetu. Aprili 2008 ilifahamika kwamba wapelelezi wa Uingereza, waliokuwa wakichunguza ununuzi wa rada, walikuta zaidi ya dola milioni moja za Marekani katika akaunti kisiwani Jersey, mali ya Mheshimiwa Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, Waziri wa Miundombinu, na aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali hadi 2005. Alipoulizwa na waandishi wa habari aliziita vijisenti. Siku chache baadaye akajiuzulu uwaziri.

Haki yanitaka niseme upande wa pili pia. Mheshimiwa Chenge alikana kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo. Kampuni ya BAE, iliyouza rada, mwaka 2010 ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu. Angalieni, ndugu zangu: kosa lililokiriwa lilikuwa la hesabu. Kampuni hiyo ililipa Tanzania paundi milioni 29.5, nazo zilipangwa kununulia vitabu na madawati ya watoto wetu.

Mwaka 2014 likazuka suala la akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilieleza mbele ya Bunge kwamba Mheshimiwa Chenge alikuwa miongoni mwa waliogawiwa sehemu ya fedha zilizotokana na akaunti hiyo, naye alipata shilingi bilioni 1.6. Aliacha uenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge, na mwaka 2015 aliitwa mbele ya Baraza la Maadili, akajitetea. Ubunge wake uliendelea hadi 2020.

Siyasemi haya ili kumhukumu mtu. Hukumu ina mahali pake. Nayasema kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa ndani yake. Mwaka 2010 wapiga kura walimrudisha Bungeni, na mwaka 2015 wakamrudisha tena. Kwa hiyo swali langu leo haliendi kwake, bali kwetu: je, kabla ya kupiga kura zile, ni nani kati yetu aliyesimama mkutanoni akamwuliza kwa heshima, “Mheshimiwa, tueleze habari ya zile fedha”?

3. Kwa nini hatuulizi?

Nimewasikiliza waumini kwa miaka mingi, nami nimepata sababu tatu.

Ya kwanza ni undugu. Tunasema, “Ni mtoto wetu. Wa Dar es Salaam wanamwonea wivu.” Lakini kama ni mtoto wetu, sisi ndio wa kwanza wenye haki ya kumwuliza. Mzazi asiyemwuliza mwanawe alikopata baiskeli mpya, kesho ataulizwa na mwenye baiskeli.

Ya pili ni shukrani iliyopotea njia. Tunasema, “Ametuletea barabara, ametujengea zahanati.” Kiongozi anayefuatilia maendeleo ya watu wake anastahili shukrani, wala sipingi. Lakini tuulize ilikotoka fedha. Mkulima anapouza pamba, ushuru wa mazao hulipwa kwa halmashauri, na hata kama mkono unaolipa ni wa mnunuzi, umetoka katika bei ya mkulima. Mama anaponunua bidhaa dukani, kodi ya ongezeko la thamani mara nyingi imo ndani ya bei. Zahanati ile ni ng'ombe wetu aliyerudishwa zizini. Tumshukuru mchungaji kwa kumrudisha, lakini tusimwite mwenye ng'ombe.

Hapa tufanye hesabu ndogo. Tuseme kilo ya pamba ni shilingi 1,000, bei ambayo mwaka 2008 haikuwapo. Tuseme tena eka moja inatoa kilo 300. Ili kupata shilingi bilioni moja, yahitajika kilo milioni moja, yaani eka zaidi ya 3,300 zilimwe, zipandwe, zipaliliwe, zipigwe dawa na kuvunwa kwa mkono. Na hapo hatujatoa gharama hata senti moja. Fedha ya kiasi hicho haiitwi vijisenti mbele ya mtu aliyepinda mgongo shambani.

Sababu ya tatu ni hofu. Mtu anaogopa kuambiwa ni mchochezi, au kunyimwa mbolea, au jina lake kukatwa katika orodha ya misaada. Hofu hii siidharau, kwa maana wengine wana sababu ya kuwa nayo. Dawa yake ni kuuliza pamoja. Anayeuliza peke yake hunyamazishwa kwa urahisi. Jumuiya nzima inapouliza swali moja, kwa utaratibu na kwa maandishi, ni vigumu kuipa jina baya.

4. Tuanzie nyumbani mwa Mungu

Ndugu wapendwa, sitakuwa mkweli nikiwanyoshea kidole wanasiasa na kulificha Kanisa. Katika orodha ya waliopata fedha zilizotokana na Escrow, iliyotajwa Bungeni Novemba 2014, walikuwamo pia maaskofu wa Kanisa letu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa zawadi na sadaka. Huenda ndivyo. Lakini waumini wengi waliona haya, nao walikuwa na haki ya kuuliza, na sisi wachungaji tulikuwa na wajibu wa kujibu bila kukasirika.

Nami nina langu la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiezeka kanisa la kigango. Mama mmoja mjane, ambaye mchango wake ulikuwa debe la mtama, alisimama baada ya Misa akaniuliza, “Padre, bati tulizochangia ni arobaini, zilizo juu ni thelathini na nne. Sita ziko wapi?” Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mambo ya ujenzi yako chini ya kamati, nikaingia sakristia. Usiku ule sikulala vema. Bati zile sita nilikuwa nimeziazima mimi mwenyewe kwa ajili ya banda la kigango kingine, bila kumwambia mtu. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na kiburi cha kudhani kwamba padre haulizwi. Jumapili iliyofuata nilisoma hesabu yote mbele ya waumini, nikamwomba mama yule radhi. Tangu siku ile michango ya kigango kile haikupungua, bali iliongezeka.

Mtume Paulo aliyajua hayo. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, alipokuwa akipeleka mchango kwa maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu, akiwa na nia ya kutenda yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Kama Paulo mtakatifu alihitaji mashahidi, diwani wetu na padre wetu ni nani hata wasiwahitaji?

5. Nyayo za ng'ombe

Mnajua desturi ya wazee wetu, iliyopata nguvu tena sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ng'ombe akiibwa, mwano hupigwa, na watu hufuata nyayo. Nyayo zikiingia katika kijiji, wanakijiji wa pale hawaambiwi kwamba ni wezi. Wanaambiwa jambo moja tu: tuonyesheni zilikotokea. Wakionyesha, nao huungana na msafara. Wasipoonyesha, wana neno la kujibu.

Hiyo ndiyo maana kamili ya uwajibikaji. Fedha ya umma ina nyayo. Ikitoka hazina ikaingia halmashauri, halmashauri ituonyeshe ilikotokea. Ikiingia kijijini, serikali ya kijiji ituonyeshe. Hatumwiti mtu mwizi. Tunataka kuona nyayo. Ajabu ni kwamba tunatembea usiku kucha kufuata ndama mmoja, lakini fedha za madarasa mawili zikipotea tunasema, “Ndiyo serikali.”

Hata hivyo desturi hiyo hiyo yatuonya. Panapokuwa na hasira bila uchunguzi, asiye na hatia huumia. Wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na watuhumiwa walioteswa mwaka 1976, wote waliumizwa na watu waliodhani wanatenda haki. Kwa hiyo tuulize kwa ushahidi, tusikilize jibu, na tuziachie mahakama kazi yake. Uvumi wa kilabuni si uwajibikaji.

6. Mambo tunayoweza kufanya

Kwanza, tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, na mkutano huo hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi yanapaswa kusomwa. Mkikaa mwaka mzima bila mkutano, andikeni barua kwa mwenyekiti, na nakala kwa mtendaji wa kata.

Pili, tuombe taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yampa mwananchi haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na ofisi hiyo yapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Tatu, tusome taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka hukagua hata halmashauri zetu, na taarifa yake hupelekwa Bungeni. Walimu na vijana wasomi waliomo katika jumuiya zetu watafute sehemu inayohusu wilaya yetu, waieleze kwa lugha nyepesi. Elimu isiyomsaidia jirani kusoma hesabu ya kijiji ni mzigo wa vyeti tu.

Nne, tuwaulize wagombea juu ya mali zao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao kila mwaka. Matamko hayo hayatangazwi hadharani. Lakini hakuna sheria inayomkataza mgombea kufanya kama Samweli, akasimama mbele yetu akasema: ninaingia na hiki, na siku nitakapotoka nitahesabiwa. Tumwombe afanye hivyo kabla ya kura, na tuandike anayosema.

Tano, tusiuze swali letu. Anayepokea kanga, chumvi au elfu tano za mgombea amekwisha kulipwa ili asiulize. Msidhani fedha ile ni zawadi. Ni bei ya kinywa chenu kwa miaka mitano.

7. Hitimisho

Ndugu wapendwa, Mwinjili Luka katika sura ya 16 atuambia habari za wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Sisi sote tutaitwa hivyo siku moja: padre kwa ajili ya parokia yake, mbunge kwa ajili ya jimbo lake, mzazi kwa ajili ya watoto wake. Nadhani hata mpiga kura ataitwa. Ataulizwa alikuwa wapi wakati zahanati ilipokosa dawa, na kwa nini alinyamaza naye alikuwa na haki ya kusema.

Yule mama mjane hakuwa na cheo, wala hakujua sheria hata moja kati ya hizi nilizozitaja. Alijua kuhesabu bati. Mungu atujalie macho ya kuhesabu kama yake, na atujalie sisi viongozi unyenyekevu wa kujibu upesi kuliko nilivyojibu mimi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Mkutano Mkuu wa kijiji au mkutano wa mtaa wetu ulifanyika lini mara ya mwisho? Mapato na matumizi yalisomwa?
2. Ni jambo gani moja la fedha za umma hapa kwetu ambalo nyayo zake hatujaziona zilikotokea? Tumwandikie nani?
3. Je, hesabu za Jumuiya yetu, kigango chetu na parokia yetu husomwa wazi? Kama sivyo, tuanze lini?
4. Mgombea atakapofika kwetu, tumwulize maswali gani, na nani atayaandika majibu yake?